Jioni Mke wa Kinyozi Aliporudi na Treni

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Limeegemea ukuta wa kibanda changu cha fotokopi na linatazamana na saluni ya Kinyozi, barabara ikiwa katikati. Jioni tunakaa wanne, na muuza kahawa ni wa tano kwenye kigoda chake. Huyo tunamwita Birika. Waziri anauza magodoro. Hajawahi kushika wizara yoyote, ila hakuna wizara ambayo hajaitolea taarifa. Spana anatengeneza baiskeli, na kucha zake zilikataa sabuni tangu ujana. Kinyozi ni Kinyozi. Mimi wananiita Fotokopi, wanadai sina maneno yangu, narudia ya wenzangu tu, na hapa ndicho ninachokifanya. Siku ninayoieleza ilikuwa ya kwanza kwa treni mpya ya mjini. Tangu asubuhi ilikuwa inapita juu ya mapaa yetu kwenye daraja lake la zege, na kila ikipita kahawa inatetemeka vikombeni, na Waziri anafumba macho kama mtu anayekandwa mgongo.

— Miguu, alisema Waziri. Uchumi wote ni miguu. Miguu ikipita mahali, na pesa inadondoka hapo hapo. Sasa niambieni, treni ikisimama pale kituoni, inamwagika miguu mingapi?

— Mingi, alisema Spana.

— Mingi ni jibu la mtoto. Nataka upanuke mawazo.

— Mingi mno.

— Mimi nimeshapanuka, alisema Birika. Anayesubiri treni anakunywa kahawa. Anayeikosa anakunywa vikombe viwili, kimoja cha hasira.

— Mnaona? Na nyumba za mtaa huu zitapanda bei. Duka litakalofunguliwa hapo mbele litaajiri, walioajiriwa watapanga vyumba, na chumba bila godoro ni stoo.

— Nilijua tutaishia kwenye godoro, nikasema.

— Tutaishia wapi, Fotokopi? Binadamu wote wanaishia kwenye godoro.

Spana alikuna kichwa kwa kidole kilekile cheusi.

— Mimi treni hii ilinipa presha. Nikasema baiskeli basi tena, nifunge nikauze karanga. Kumbe wale wanaokaa kule bondeni watakuja na baiskeli mpaka kituoni. Na ile njia ya bondeni ina misumari, acha tu.

— Umeimwaga wewe?

— Mungu ananiona, sijamwaga hata mmoja. Bado.

Tukacheka. Kinyozi hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi na aproni yake, kikombe kimejaa mkononi. Nilidhani ana mteja mkorofi kichwani mwake. Mara akauliza, hivi hivi, bila kutuandaa.

— Jamani, ninyi mkifika nyumbani jioni, mnaongea nini na wake zenu?

Tukamtazama kana kwamba ametutukana.

— Kuongea kivipi? akauliza Spana.

— Maneno. Mnaanzaje?

— Hatuanzi, alisema Waziri. Wanaanza wao. Kwa nini unauliza mambo ya namna hii mchana kweupe?

— Kwa sababu leo mke wangu anarudi na treni. Atafika jua bado lipo.

Hapa lazima nisimamishe maneno ya wenzangu niweke machache yangu. Mke wa Kinyozi anafua na kupiga pasi mashuka kwenye hospitali kubwa iliyo upande wa pili wa mji. Kabla ya treni ilikuwa basi, foleni, basi jingine, foleni nyingine. Anatoka giza, anarudi giza. Siku yake ya mapumziko ndiyo siku ambayo mtaa mzima unataka kunyolewa, kwa hiyo yeye akiwa kitandani anaugulia mgongo, mumewe yuko saluni mkono unawaka moto. Walihamia kwetu miaka mitatu iliyopita, na kwa miaka yote hiyo sisi wa benchi hatukuwahi kumwona.

— Nikiamka naikuta nafasi yake kitandani bado ina joto, alisema Kinyozi. Akirudi, mimi nimeshazima. Siku yake ya mapumziko ananiaga akiwa amelala. Sisi tunaongea kwa sufuria.

— Kwa sufuria?

— Mfuniko ukikaa sawa, maana yake kula, nimekuwekea. Ukigeuzwa juu chini, maana yake nimeshiba, usinibakizie. Kijiko kikilazwa juu ya mfuniko, amechoka sana, nisimwamshe.

— Na mkigombana? aliuliza Birika.

— Anaacha sufuria bila kuiosha. Mwaka jana tuligombana wiki nzima, na hakuna aliyefungua mdomo.

— Mkapatanaje?

Kinyozi alitazama kahawa yake.

— Asubuhi moja niliikuta imeoshwa. Ndani ameweka chungwa, limeshamenywa.

Hakuna aliyecheka. Hata Waziri, ambaye hucheka msibani, alijikohoza tu.

— Sasa hiyo ni ndoa au ni jiko? akasema mwishowe, ila kwa sauti ya chini.

— Ni ndoa, na ni nzuri. Ndiyo maana naogopa. Sufuria tumeshaizoea. Leo atakaa mbele yangu mzima mzima na macho yake. Nikikosa la kusema, ataona ameolewa na gogo.

— Lakini wewe ni kinyozi! alisema Spana. Kuanzia asubuhi unaongea na watu usiowajua. Mpira, siasa, magonjwa ya ng'ombe. Utashindwaje na mkeo?

— Wale siongei nao wao. Naongea nao kwenye kioo. Mimi niko nyuma, wao wanatazama mbele, maneno yanakuja yenyewe. Mtu akishuka kwenye kiti akanigeukia uso kwa uso, yananikauka. Mnadhani hapa kwenye benchi nakaa mwisho kwa nini? Wote tunatazama barabara.

Nilikuwa nimekaa naye miaka mitatu na sikujua hilo. Nilitaka kumwambia jambo la maana, nikatafuta, sikuliona. Na mtu akitafuta jambo la maana kwenye benchi letu, Waziri anakuwa ameshachukua nafasi.

— Kaka, tatizo lako unaona mke. Mimi naona masaa.

— Masaa gani?

— Yale ambayo shemeji alikuwa anayaacha kwenye foleni. Leo treni imemrudishia. Ile ndiyo faida yenyewe ya reli, siyo mabehewa na rangi. Masaa! Sasa usiyachezee kwa maneno maneno. Yafanyie kazi.

— Ni kweli, alisema Birika. Shemeji awe anakaanga vitafunio jioni, aviweke hapa karibu na birika langu. Mtu akila kikavu, anahitaji cha kushushia.

— Vitafunio vya nini? alisema Spana. Mtu fundi wa pasi huyo. Afungue udobi wake hapa mtaani. Wanaopanda treni wanataka kunyooka.

— Mnafikiri kidogo kidogo, alisema Waziri, na akasimama, dalili kwamba taarifa ni ndefu. Chukua masaa ya shemeji. Chukua ya kila aliyeshuka leo. Yaweke pamoja. Ni mlima! Mji ukienda benki na mlima ule, unakopeshwa. Unajenga reli nyingine. Reli nyingine inaokoa masaa mengine, mji unakopa tena. Mwishowe tunakuwa na masaa mengi kuliko siku za kuyaweka.

— Tutayapeleka wapi? niliuliza.

— Tutaiuzia miji jirani. Kwa jumla. Rejareja tunawaachia vijana.

— Mimi nimeona zaidi ya hapo, alisema Spana, naye akasimama. Watu wakifika nyumbani mapema, kutakuwaje?

— Kutakuwaje?

— Watoto! Mtaa utajaa watoto. Mtoto anataka baiskeli ndogo, yule pale mteja wangu. Anataka kigodoro, Waziri huyo. Anataka cheti cha kuzaliwa kipigwe fotokopi, Fotokopi huyo. Anaota nywele, Kinyozi. Kwa hiyo treni haileti miguu, Waziri, inaizalisha hapa hapa!

— Na kahawa? Birika akalalamika. Mtoto hanywi kahawa.

— Baba yake hatalala. Atakunywa yeye.

Waziri akamshika Spana mkono kwa heshima, kama wanavyoshikana watu wazito. Kinyozi akatikisa kichwa.

— Nimewauliza naanzaje kuongea, ninyi mmeshanizalisha.

Wakati huo huo treni ikapita juu yetu, inaelekea kituoni, na madirisha yake yote yaliwaka jua la jioni. Vikombe vikatetemeka. Kinyozi aliifuata kwa macho mpaka mkia wake ukapotea nyuma ya mapaa. Halafu akaweka kikombe chini, hakijaguswa, akasimama.

— Spana, niangalizie saluni.

— Unakwenda wapi?

— Kumpokea.

— Na aproni? nikamwambia. Hebu vua kwanza, na kitana hicho kimeganda kwenye nywele zako.

Hakunisikia. Alishakata kona, nusu anatembea nusu anakimbia, kamba za aproni zinamfuata nyuma. Na mimi, mtu wa maneno ya kunakili, nikajikuta namwombea moyoni. Nilimwombea neno moja tu la kuanzia, hata liwe la hovyo.

Hakupita muda mrefu, watu wakaanza kutokea kutoka kituoni kwa ile njia fupi ya upande wetu. Waziri akawa anahesabu miguu yao kimoyomoyo, midomo inacheza. Miongoni mwao alikuwepo mwanamke mmoja wa makamo, mfuko begani, raba nyeupe miguuni. Alitembea polepole, anaangalia maduka huku na huku kama mgeni. Akasimama mbele ya saluni. Akachungulia ndani, akatazama kile kioo kirefu, akatazama kiti. Kisha akavuka barabara akaja kwetu.

— Habari za jioni, kaka zangu.

— Njema, dada. Karibu.

— Mwenye saluni ile yuko wapi?

— Una mtoto wa kunyolewa? aliuliza Spana, kwa ule upole wa mtu aliyeachiwa duka la mwenzake.

— Hapana. Nilikuwa namtafuta tu.

— Ametoka kidogo. Amekwenda kituoni kumpokea mkewe.

Yule mwanamke akaushusha mfuko begani taratibu, akaupakata kifuani.

— Amekwenda kumpokea?

— Na aproni yake, alisema Birika. Tumejaribu kumvua, wapi!

— Naomba kahawa, akasema. Nitamsubiri.

Msomaji, wewe umeshamjua. Sisi, watu tuliotoka kuuza masaa ya mji mzima kwa jumla, hatukumjua. Tulimsogezea nafasi kwenye benchi, mahali pale pale pa Kinyozi, na tukamwona ni mteja wa kwanza wa treni. Birika akammiminia mpaka juu. Waziri akasafisha koo.

— Umefika siku nzuri, dada. Tulikuwa tunampangia huyo bwana uchumi. Mkewe leo anarudi mapema, mara ya kwanza. Kuna masaa yamepatikana pale. Tunataka afungue udobi.

— Mkewe amekubali?

— Atakubali. Ni uchumi.

— Ningekuwa mimi, ningelala.

— Kulala! Waziri akachangamka. Hilo nalo ni jambo kubwa. Unalalia godoro la aina gani, dada?

— Waziri, mwache mgeni wa watu anywe kahawa, nikasema.

Alikunywa kidogo. Mikono yake ilikuwa imesinyaa kwenye ncha za vidole, mikono ya maji ya sabuni. Hata hiyo niliiona, na bado sikuelewa. Fotokopi kweli kweli.

— Na yeye mwenyewe mwenye saluni, akauliza, anasemaje?

— Yule amechanganyikiwa, alisema Spana. Ametuuliza mke huwa anaongeleshwaje. Sisi watu wazima! Anasema nyumbani kwao wanaongea kwa sufuria.

— Amewaambia mambo ya sufuria?

— Mpaka chungwa!

Mwanamke akaangalia kando. Nilidhani amechukia, kwamba tumetangaza siri za mtu mbele ya mpita njia, na kweli ndicho tulichokuwa tumefanya. Birika naye nadhani aliliona hilo, maana aliweka birika chini na kuzungumza taratibu, jambo ambalo si kawaida yake.

— Usimcheke, dada. Yule bwana anampenda mkewe. Mwanaume anayekuja mbele ya wenzake akauliza naanzaje kuongea na mke wangu, huyo anampenda. Sisi hatukumjibu kwa sababu hatujui. Mimi mwenyewe sijui. Nikifika nyumbani nauliza kama maji yametoka, basi.

Treni nyingine ikapita. Tukaisubiri ipite. Yule mwanamke alikuwa anatazama kikombe, na alipoinua uso macho yake yalikuwa na maji, lakini mdomo unatabasamu.

— Huyo mkewe, akauliza, anaitwa nani?

Waziri alifungua mdomo. Akaufunga. Spana alinitazama mimi, mimi nikamtazama Birika, Birika akaanza kupangusa kikombe kilichokuwa safi.

— Shemeji, alisema Waziri.

— Shemeji ndilo jina lake?

— Sisi tunamwita shemeji.

— Mmekaa na mumewe miaka mingapi?

— Mitatu, nikasema mimi, na sauti ikanitoka ndogo.

Hakuuliza tena. Ingekuwa afadhali angetusema. Tulishampa biashara, watoto, na mkopo wa benki, na jina lake hatukuwahi kuliulizia. Nilisikia aibu, na niliona wenzangu nao wameisikia, maana kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake.

Tukiwa katika hali hiyo Kinyozi akarudi. Alikuwa anatembea kichwa chini, kitana bado kimesimama nywelini.

— Hakushuka, alisema akiwa mbali. Nimesimama kwenye mlango ule mkubwa wa upande wa soko mpaka behewa la mwisho likawa tupu. Labda wamemshikilia kazini. Labda amepanda basi kwa mazoea. Labda...

Akainua kichwa.

Mwanamke aliyeketi mahali pake alikuwa amesimama. Kinyozi akalitaja jina lake. Alilitaja taratibu, kwa sauti kamili, na ndiyo mara ya kwanza sisi kulisikia. Jina zuri. Silirudii hapa, kwa sababu hatukupewa sisi, tulilisikia tu.

— Umepita wapi? akamwuliza.

— Mlango wa huku, ule mdogo.

— Kumbe kuna mlango wa huku.

— Upo.

Basi. Maneno yakaishia pale. Kinyozi alisimama kwenye ukingo wa barabara anafinya kamba ya aproni, anamtazama mkewe, mkewe anamtazama, na nikaona kabisa ule ukame aliotusimulia unavyomshuka kooni. Birika alinigonga ubavuni kwa kiwiko. Nifanye nini sasa mimi? Spana alikuwa anataka kusema kitu, Waziri akamkanyaga mguu. Mungu amlipe Waziri kwa mguu ule.

Mwanamke ndiye aliyeanza.

— Saluni yako sijawahi kuiona ikiwa wazi, alisema. Naipita kila siku ina kufuli.

— Ni ndogo tu.

— Nimeona kiti. Naweza kukaa?

Kinyozi akasahau hata kutuaga. Wakavuka barabara. Yeye akaupokea mfuko, akafuta kiti kwa kiganja, akakifuta tena. Mkewe akakaa, akaegemea nyuma, akafumba macho kwanza kama mtu aliyefika. Kinyozi akamfunga kile kitambaa cheupe shingoni, akamfungua kilemba, na akasimama nyuma yake, mikono hewani, hajui aifanyie nini, maana hakuwa na mpango wa kumnyoa. Mwishowe akaiweka mikono kichwani kwake, akaanza kumkanda, taratibu, kutoka utosini kwenda nyuma ya masikio.

Mkewe akafumbua macho, akamtazama kwenye kioo.

Hatukusikia. Barabara ilikuwa na kelele, na tungesikia tusingewaambia. Ila tuliona mdomo wa Kinyozi unaanza kusogea. Ukasogea kidogo, ukasimama. Mkewe akasema kitu. Ukasogea tena, na safari hii haukusimama. Aliongea na mikono, aliongea na mabega, akachukua chanuo akaonyeshea kitu fulani dirishani, pengine sisi, maana mkewe alicheka mpaka kitambaa kikamtoka shingoni. Jua likawa linaingia saluni kwa upande, na wale wawili wanazungumza kama watu waliokutana safarini.

— Mnaona, alisema Waziri, lakini hakuendelea.

Tukakaa hivyo. Halafu Spana akasimama, akajipangusa suruali.

— Naenda nyumbani.

— Kuna nini? aliuliza Birika.

— Sijui. Ndiyo nakwenda kuona.

Waziri naye akasimama, akasema ana godoro la kufunika, na sote tukajua hana. Birika akamwaga majivu ya jiko lake mapema, akinung'unika kwamba tumemwachia kahawa, lakini alikuwa anafunga haraka kuliko sisi. Nami nikashusha mlango wa kibanda, nikaondoka kwa njia ya nyuma nisipite mbele ya saluni.

Mke wangu alikuwa katikati ya chumba, anahangaika na shuka kubwa tuliloletewa na dada yake, ameshika pembe mbili, nyingine zinaburuta sakafuni. Akanitazama mlangoni. Akatazama dirishani, nje bado kuna mwanga.

— Unaumwa?

— Hapana.

— Kibanda kimeungua?

— Kiko salama. Nimerudi tu.

Alinikagua kuanzia kichwani mpaka viatu, kama anayetafuta jeraha. Halafu akanirushia upande wa pili wa shuka.

— Haya, shika pembe hizo, akasema. Na unieleze huko nje kumetokea nini.

Nikashika. Tukawa tunasogeleana na kuachana, tunakunja, na nilipofika mahali pa kumweleza mke wa Kinyozi, nilianza na jina lake.